Mwezini kwa mzinga, mwezini kwa hesabu

Katika baraza za kahawa hakosekani mtu anayeshikilia kwamba binadamu hajapata kukanyaga mwezi. Atakuambia, kikombe kiko mkononi, kwamba picha zile zilipigwa Marekani ndani ya chumba cha kutengenezea sinema. Jirani yake kwenye benchi yeye huamini kila kitu: mwezi, nyota, viumbe wa sayari ya Mirihi na visahani vinavyoruka usiku. Wote wawili wana kosa moja. Hawakutenganisha yaliyootwa na yaliyopimwa. Katika mazungumzo ya leo tujaribu kuyatenganisha, maana katika habari za safari za angani mambo hayo mawili yamekwenda bega kwa bega tangu mwanzo, na mpaka uliopo kati yake umegharimu roho za watu.

Tuanze na ndoto, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1865 mwandishi Mfaransa, Jules Verne, alitoa kitabu juu ya safari ya kutoka duniani kwenda mwezini. Katika hadithi hiyo kuna chama cha Wamarekani mafundi wa mizinga. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha, nao hawana kazi. Basi wanachimba shimo huko Florida, karibu na mji wa Tampa, na humo wanasubu mzinga wenye urefu wa futi 900, yaani mita 274. Watu watatu wanaingia ndani ya risasi kubwa ya alumini, na mzinga unapigwa.

Mambo mengi Verne aliyapatia. Alijua kwamba kitu hakiwezi kuiacha dunia bila kuwa na mwendo wa kilometa 11 hivi kwa kila sekunde. Alichagua Florida, na zaidi ya miaka 100 baadaye Wamarekani waliondokea Florida hiyo hiyo. Alipakia watu watatu, na chombo cha Apollo nacho kilichukua watatu. Katika kitabu kilichofuata aliwazungusha mwezi, akawarudisha na kuwaangusha katika Bahari ya Pasifiki. Desemba 1968 wanaanga wa Apollo 8, watu wa kwanza kuuzunguka mwezi, walirudi wakaangukia bahari hiyo hiyo.

Lakini tazama alipokosea. Basi likiondoka kituoni kwa ghafla, abiria hukandamizwa kwenye viti. Sasa mchukue mtu aliyetulia, umfikishe kwenye mwendo wa kilometa 11 kwa sekunde ndani ya mita 274 tu. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuipiga hesabu hiyo. Jibu lake ni kwamba mtu huyo atakandamizwa kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 22,000 hivi. Mwenye kilo 70 atakuwa kama aliyebebeshwa zaidi ya tani 1,500. Verne aliweka maji chini ya sakafu ili kupunguza kishindo. Maji hayo yasingewasaidia kitu. Abiria wangekufa kabla risasi haijatoka kwenye mdomo wa mzinga.

Aliyeonyesha njia ni mwalimu wa shule huko Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, ambaye alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake tangu utotoni. Mwalimu huyu alisoma hadithi za Verne akazipenda, lakini hakuishia kuzipenda. Alishika kalamu akapiga hesabu. Mwaka 1903 alichapisha maandishi yaliyoonyesha kwamba chombo kinachofaa ni roketi. Mzinga hutoa nguvu zake zote kwa mkupuo mmoja. Roketi huchoma mafuta yake kwa dakika kadhaa, na mwendo ukaongezeka kwa kiasi ambacho mwili wa binadamu unaweza kustahimili. Wanaanga hubanwa kwa nguvu ya uzito wao mara tatu au nne. Hilo ni jambo la kuvumilika.

Na roketi husukumwa na nini? Puliza puto, kisha uliachie bila kulifunga. Hewa inatoka nyuma, puto linakwenda mbele. Wengi hudhani roketi huegemea hewa iliyo nyuma yake, kama mpiga kasia anavyosukuma maji. Sivyo. Inakwenda mbele kwa sababu ya kile inachokitupa nyuma, iwepo hewa isiwepo. Mkanganyiko huo haukuwapata watu wa barazani peke yao. Januari 1920 gazeti la New York Times lilimdhihaki profesa wa Marekani, Robert Goddard, kwa kudai kwamba roketi inaweza kufanya kazi mahali pasipo hewa. Goddard aliendelea na kazi yake. Tarehe 16 Machi 1926, katika shamba moja huko Auburn, Massachusetts, alirusha roketi ya kwanza duniani ya mafuta ya majimaji. Ilikaa hewani sekunde mbili na nusu, ikapanda mita 12 hivi. Minazi mingi inaizidi kwa urefu. Gazeti lile lilitoa masahihisho tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuanza safari ya mwezini. Goddard alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1945.

Tusijidanganye lakini kwamba hesabu hizo zilifanywa kwa mapenzi ya elimu peke yake. Roketi ya kwanza kufika anga za juu ilikuwa silaha. Ilikuwa ni V-2 ya Wajerumani, iliyopiga miji ya London na Antwerp katika Vita Kuu ya Pili, na maelfu ya wafungwa walikufa katika kazi ya shokoa ya kuiunda. Mhandisi wake mkuu, Wernher von Braun, ndiye aliyeongoza baadaye kazi ya kuunda roketi iliyowapeleka Wamarekani mwezini.

Warusi ndio waliotangulia. Tarehe 4 Oktoba 1957 walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, yenye uzito wa kilo 83 na ushei. Tarehe 12 Aprili 1961 kijana wa miaka 27, Yuri Gagarin, aliizunguka dunia mara moja katika safari ya dakika 108. Mwaka 1963 Valentina Tereshkova akawa mwanamke wa kwanza kwenda angani. Mwaka 1965 Aleksei Leonov alitoka nje ya chombo akaelea kwa dakika 12 hivi, akiwa amefungwa kwa kamba tu.

Wakati huo pwani yetu nayo ilitega sikio. Chombo kinachozunguka dunia hupita upeo wa macho upesi, kwa hiyo Wamarekani walihitaji vituo vya kukipokea kila kilipopita. Kituo kimoja kilikuwa Kano, Nigeria, na kingine kilikuwa hapa Zanzibar. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, chombo chake kilifuatiliwa kutoka Zanzibar. Katika safari hiyo mtambo mmoja ulitoa ishara kwamba ngao ya kuzuia joto imelegea. Kama ingekuwa kweli, Glenn angeungua wakati wa kushuka. Ilikuja kuonekana kwamba ishara ndiyo iliyokuwa na hitilafu, lakini hapakuwa na njia ya kulijua hilo mpaka ashuke, na alishuka. Kituo cha Zanzibar kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Wengine hawakushuka salama. Tarehe 27 Januari 1967 Wamarekani watatu, Grissom, White na Chaffee, waliungua ndani ya chombo cha Apollo kikiwa bado juu ya ardhi, katika mazoezi tu. Ndani mlijazwa oksijeni tupu, na mlango ulifungukia ndani, ukashindikana kufunguka. Aprili mwaka huo huo Mrusi Vladimir Komarov alikufa baada ya mwavuli wa chombo chake kukataa kufunguka. Juni 1971 Warusi watatu waliokuwa wakirudi kutoka Salyut 1, kituo cha kwanza cha kuishi angani, walikosa hewa, kwa sababu vali moja ilifunguka kabla ya wakati wake. Katika hadithi, mwandishi akikosea hufuta mstari. Angani kosa halifutiki.

Sasa tumrudie rafiki yetu wa barazani. Tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua mwezini, na Michael Collins akabaki katika chombo kilichouzunguka. Roketi yao ilikuwa na urefu wa mita 110 na uzito unaokaribia tani 3,000. Kilichorudi baharini hakikufika tani 6. Hiyo ndiyo bei ya kuiacha dunia na kurudi mzima. Kuanzia hapo hadi Desemba 1972, watu 12 walitembea mwezini.

Ushahidi uko wapi? Walileta kilo 382 za mawe na udongo, ambazo wanasayansi wa nchi nyingi wamezichunguza. Waliacha vioo maalumu huko mwezini. Wataalamu wakiupiga mwanga wa leza kutoka duniani, unagonga vioo hivyo na kurudi baada ya sekunde mbili na nusu hivi, na kwa njia hiyo umbali wa mwezi hupimwa mpaka kwenye sentimeta. Chumba cha sinema hakirudishi mwanga kutoka umbali wa kilometa 384,000. Kubisha si dhambi, lakini anayebisha naye alete vipimo vyake.

Wanaopenda kuamini kila kitu nao wana somo lao, tena ni zito. Wamarekani waliofika mwezini walianza kuona safari za angani kuwa jambo la kawaida. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 wahandisi walionya kwamba baridi ilikuwa kali mno, na kwamba mipira inayoziba maungio ya roketi ingeweza kukakamaa. Wakubwa walikuwa na ratiba yao. Chombo cha Challenger kilirushwa asubuhi, na sekunde 73 baadaye kilivunjika angani. Watu saba walikufa, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, ambaye alitazamiwa kufundisha watoto akiwa angani. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha Columbia kiliteketea wakati wa kurudi, na watu wengine saba wakafa. Kipande cha povu gumu kilikuwa kimelitoboa bawa lake siku ya kuondoka. Walikuwepo wahandisi walioomba bawa lipigwe picha lichunguzwe, na picha hizo hazikupigwa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mpira ulioganda na baridi haujui cheo cha mtu.

Ndugu msikilizaji, pengine utauliza: sisi haya yanatuhusu nini? Fungua ramani utazame Malindi. Dunia inajizungusha, na mahali inapozunguka kwa kasi zaidi ni penye ikweta, kama kilometa 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupata msukumo huo bure. Malindi iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, na mbele yake ni bahari tupu, hivyo mabaki ya roketi hayaangukii nyumba ya mtu. Waitaliano, wakiongozwa na profesa Luigi Broglio, waliliona hilo. Walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, wakayaita San Marco. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo.

Mojawapo iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Ilitambua vyanzo 339 vya miali hiyo, na ilisaidia kupata ushahidi wa kwanza wenye nguvu kwamba yako mashimo meusi angani, mambo ambayo kabla ya hapo yalikuwa hesabu za kwenye karatasi. Mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hiyo, katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote, limo neno moja la Kiswahili, nalo ni uhuru.

Lakini tusiishie kwenye fahari. Roketi ilikuwa ya Marekani, majukwaa ya Waitaliano, bahari na jina vikawa vyetu. Tarehe 15 Aprili 2023, setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya kwa msaada wa kampuni ya Bulgaria ili kuangalia mashamba na mazingira, iliondokea California. Ilipita mbali sana na Malindi. Ikweta ni mali, lakini mali hiyo haimfaidii asiyekuwa na hesabu.

Verne aliota, na hatumlaumu kwa mzinga wake, maana bila ndoto ile mwalimu wa Urusi asingeishika kalamu. Kinachotakiwa ni huyo wa pili. Mtoto wako akikwambia anataka kwenda mwezini, usimcheke. Mpe daftari la hesabu, na umwambie aanze na mzinga wa mita 274.