Mashindano ya Kubana Mafuta

Muhula uliopita kulizuka ubishi mkali katika chama chetu cha Kiswahili. Nilipendekeza kwamba siku ya wazazi tuandae mashindano ya magari, walimu na wazazi wakiwa madereva, na mshindi awe yule aliyetumia mafuta kidogo zaidi, si aliyefika wa kwanza. Wenzangu waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Mashindano bila kasi ni mazishi!" Naandika haya kumjibu, maana sijakubali kushindwa.

Kwanza, jambo hili si ndoto yangu. Mwaka wa 1939 wanasayansi wa kampuni ya Shell huko Wood River, jimbo la Illinois, Marekani, waliwekeana dau waone nani ataenda mbali zaidi kwa mafuta yale yale. Mshindi alipata kama kilomita 21 kwa lita. Mchezo huo ndio uliozaa Shell Eco-marathon, iliyoanza Ufaransa mwaka wa 1985. Mnamo 2005 gari liitwalo PAC-Car II, kutoka chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, lilipata kilomita 5,385 kwa hidrojeni yenye nguvu sawa na lita moja ya petroli. Soma tena tarakimu hiyo, sijakosea.

Lakini gari lile ni jepesi mno na umbo lake ni kama la samaki. Sisi tuna magari ya kawaida, kwa hivyo afadhali tuige Mobil Economy Run, mashindano yaliyofanyika Marekani kati ya 1936 na 1968. Hayo yalikuwa ya magari ya dukani, tena katika barabara za kila siku, na ndani ya kila gari aliketi mwamuzi. Dereva hangeweza kudanganya na jicho la mtu liko begani!

Sasa tuje kwenye haki yenyewe. Ukikimbia kilomita 100 kwa saa, hewa hulipinga gari kwa nguvu mara nne kuliko ukienda 50. Basi si kila mtu atajikokota tu? Ndiyo maana lazima pawe na muda wa mwisho, na anayechelewa atolewe. Hapo dereva anaanza kuumiza kichwa: hapa niongeze, pale niachilie.

Kuzima injini mteremkoni tupige marufuku kabisa. Breki huwa nzito, na sisi tunataka wazazi warudi nyumbani. Wale wanaotoa gia nao wanajidanganya. Magari mengi ya siku hizi, ukiachilia mafuta huku gia imeingia, injini haipokei petroli hata tone. Ukitoa gia, inabidi inywe kidogo ili isizimike.

Je, gari dogo lishindane vipi na pikapu? Zamani Wamarekani walizidisha uzito kwa umbali, kisha wakagawanya kwa mafuta. Tuseme gari la tani 1 limepata kilomita 15 kwa lita: alama zake ni 15. La tani 2 likipata kilomita 9, alama ni 18, nalo linashinda. Mimi siipendi hesabu hiyo kwa sababu inapendelea wakubwa. Tugawe makundi kulingana na ukubwa wa injini, yaishe.

Kazi kubwa iko kwenye kupima. Wengi hudhani unajaza tangi, unaenda, unarudi, unajaza tena. Kumbe petroli hutanuka! Kila digrii moja ya joto huiongeza kama sehemu 1 kwa 1,000. Lita 40 zikipanda digrii 5 tu, zinaongezeka kama lita 0.2. Katika safari ya kilomita 20 gari linaweza kutumia chini ya lita 2, kwa hivyo mjanja aliyejaza asubuhi na kuegesha juani ataonekana amebana mafuta, kumbe ni jua. Dawa ni fundi kufunga tangi dogo la pembeni kwa kila gari, lipimwe kabla na baada ya safari kwa silinda ile ile ya maabara, na joto la petroli liandikwe.

Na msisimko? Magari yaondoke moja moja, yakipishana dakika mbili. Yakirudi, hakuna anayejua mshindi, hata dereva mwenyewe. Ndipo mwalimu wa kemia, mbali na jiko na wavuta sigara, amimine mafuta yaliyobaki na kusoma mililita kwa sauti, umati wote kimya. Hapo roho zitadunda kuliko kwenye mbio zozote.

Mwenzangu wa "mazishi" nimeshampa kazi. Yeye ndiye atakayeshika saa.