Mbio za Farasi Ngong Road na Ujira wa Saisi

Malindi tunayo Kisumu Ndogo yetu, na Nairobi ziko mbili: moja Kibera, nyingine Korogocho. Mtoto wa ami yangu alizaliwa katika ile ya Malindi, akahamia hii ya Kibera na cherehani yake, na tangu hapo hupenda kusema kwamba ametoka Kisumu mpaka Kisumu na ziwa hajaliona. Mwezi uliopita alinialika kwake. Tulipokwisha kunywa chai alisogeza kikombe kando akaniambia:

"Kaka, wewe ulikaa chuoni zaidi yangu. Huyu mwanao anatunza farasi wa mashindano kule Ngong Road. Mkate tuliokula sasa hivi umenunuliwa kwa pesa zake. Je, ni halali?"

Mimi si mufti. Ni mtunga mashairi aliyeishia kwenye magazeti. Nikamjibu kwamba siwezi kusema neno juu ya mahali nisipopaona, na kwa kuwa Jumapili kulikuwa na mbio, niende nikajionee. Yeye alikataa katakata kufuatana nami. Nilikwenda na kijana.

Tulipanda kutoka Kisumu Ndogo tukapitia Makina, penye msikiti na nyumba za Wanubi. Msomaji wa pwani akifika hapa asijione mgeni. Kiswahili kinasikika kila kichochoro, kijiji kimoja kinaitwa Lindi, na mtaa mmoja wa jirani umepewa jina la Fort Jesus, sijui kwa mapenzi au kwa mzaha. Hao Wanubi ni wajukuu wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, wakapewa msitu huu wakae. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Hati ya ardhi ya jumuiya yao walikabidhiwa mwaka 2017, na ekari zilizoandikwa humo ni 288. Kaziweke nambari hizo mbili akilini, ndugu msomaji, maana ukitoka hapo ukafika kwenye uwanja wa farasi, macho yatapima yenyewe.

Uwanja wenyewe uko kando ya Ngong Road, ukipita Dagoretti Corner, na nyuma yake ni msitu wa Ngong. Njia ya mbio ni ya majani, imezungushiwa reli nyeupe, na katikati ya duara pana uwanja wa gofu. Lipo jukwaa la watazamaji, lipo zizi la kuwazungushia farasi kabla ya mbio ili watu wawatazame, na yapo madirisha ya kamari. Chama kinachousimamia ni Jockey Club of Kenya. Zamani miji kadha ya bara ilikuwa na mbio zake, Nakuru na Eldoret na Limuru, lakini zote zimekwisha. Huu ndio uliobaki.

Wala si uwanja wa kwanza wa Nairobi. Mbio zilianza mwanzoni mwa karne ya 20, mji ungali kambi ya reli yenye mabati na matope, na zikaendeshwa upande wa Kariokor. Ndiyo maana mpaka leo pale kuna barabara iitwayo Race Course Road ambapo huoni hata punda. Kariokor nayo ni jina la wapagazi wa vita vya 1914, wale Carrier Corps waliobeba mizigo ya Waingereza wakafa kwa maelfu. Mwaka 1954 mbio zilihamishiwa Ngong Road. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, serikali ya kikoloni iliuzingira mji wa Nairobi kuwasaka Mau Mau, na watu maelfu kwa maelfu wakapelekwa vizuizini. Mji mmoja, mwaka mmoja.

Kwa nini mchezo huu ulikaa bara, ilhali farasi ni mnyama tuliyemjua sisi kwanza kupitia Waarabu? Jawabu ni wadudu. Mbung'o wamejaa katika nyika kati ya pwani na milima, na usubi nao hueneza maradhi ya farasi ambayo humwua mnyama kwa siku chache, mapafu yakijaa maji. Nyanda za juu zina baridi, wadudu hao hupungua, na siku hizi iko chanjo. Pwani farasi alikuwa fahari ya wafalme. Seyyid Said wa Unguja alipopeleka jahazi lake la Sultana mpaka New York mwaka 1840, katika zawadi alizompelekea rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sisi makabwela tulibaki na punda, na mwenye kudharau mbio za punda za Lamu siku za Maulidi hajazishuhudia.

Jambo la kustaajabisha ni nasaba. Hawa farasi wa mashindano, wembamba wa miguu, wenye mishipa iliyotuna kama kamba, huitwa farasi wa Kiingereza. Lakini kitabu chao cha nasaba, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1791, kinawarudisha wote kwa upande wa baba kwenye madume watatu tu waliotoka nchi za Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley alinunuliwa Halab, nchi ya Sham, akapelekwa Uingereza mwaka 1704, na sehemu kubwa kabisa ya farasi wa mbio wa ulimwengu leo ni uzao wake. Nilimweleza kijana hayo tukiwa tumeegemea reli. Akacheka.

"Kwa hivyo, Ami, huyu wangu ni Mwarabu?"

"Ni Mwarabu aliyepotea njia," nikamwambia.

Huyo "wake" alikuwa farasi wa rangi ya kahawia, jike la miaka minne. Kijana huamka kabla ya alfajiri, husali, kisha hufika zizini kungali giza. Humpa shayiri, humpiga brashi, humkagua kwato moja moja, na kukipambazuka farasi hupelekwa kukimbizwa. Akirudi hufunikwa blanketi, akatembezwa polepole mpaka jasho likauke. Niliposikia habari ya blanketi nilikumbuka darsa la chuoni. Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi Madina. Wale waliotayarishwa aliwakimbiza kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa, masafa ambayo wapokezi wanayakadiria kati ya maili tano na saba, na wasiotayarishwa akawapa njia ya maili moja tu. Ibn Umar alikuwa mmoja wa wapanda farasi hao. Na utayarishaji wao ulikuwa nini? Kumlisha farasi akanenepa, kisha kumpunguzia chakula na kumfunika nguo atoke jasho, mpaka mafuta yaishe na nguvu zibaki. Mwalimu wangu alitueleza hayo sisi tusiowahi kuona farasi ila katika picha, na mimi nimeyaona kwa macho yangu Ngong Road, yakifanywa na kijana wa Kibera.

Mbio zenyewe ni hesabu. Mpanda farasi hupimwa kwenye mizani pamoja na tandiko lake kabla ya kupanda, na akishuka hupimwa tena. Katika mbio nyingi farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi, vipande vya risasi vikatiwa kwenye tandiko, ili mnyonge naye apate nafasi. Kisha huingizwa vizimbani, milango hufunguka kwa mara moja, na ardhi hutetema. Mbio kubwa ya mwaka ni Kenya Derby. Miongoni mwa walioishinda mara nyingi kwa farasi waliowafunza ni mwanamke, Beryl Markham, yuleyule aliyerusha ndege peke yake mwaka 1936 akaivuka bahari ya Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo papa hapa uwanjani, akafariki mwaka 1986.

Basi, na kamari? Kamari ipo, na kubwa. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamekubali zawadi ya mbio za farasi ikitolewa na mtawala, au na mtu asiyeshindana, au na mmoja wa washindani wawili. Wote wawili wakitoa, imekuwa kamari, isipokuwa aingie wa tatu asiyetoa kitu. Ama mtazamaji aliyesimama kando akaweka pesa kwenye mgongo wa farasi wa mwenziwe, huyo hana mlango wa kutokea. Nilisimama karibu na madirisha nikawatazama. Walikuwapo matajiri wenye darubini, na walikuwapo watu wa viatu vilivyochanika waliohesabu noti mara mbili kabla ya kuzitoa. Hao wa pili walinichoma.

Na katika foleni yao nikamwona kijana wetu.

Sikusema kitu. Aliporudi alikuwa na tiketi mkononi, akaona kwamba nimeona.

"Ami, usimwambie Baba," alisema. "Ni mia moja tu. Nazijua pumzi zake."

Farasi wake alitoka vizuri, akaongoza mpaka kona ya mwisho, kisha mguu wa mbele ukamlegea akarudi wa tano. Watu waliokuwa pembeni mwetu walirarua tiketi na kutukana. Kijana hakurarua yake, wala hakuitazama. Aliiangusha, akaruka reli, akakimbia kwenda kushika lijamu, na nilipomfuata baadaye nilimkuta amepiga magoti majanini, ameukumbatia mguu ule kwa viganja viwili, akiusikiliza kama daktari.

Jioni ndugu yangu aliniuliza jawabu. Nikamwambia kama nilivyoona: kumlisha mnyama, kumwosha na kumtibu ni kazi ya mkono, na ujira wake ni ujira, lakini aliye na shaka na amwulize anayejua zaidi yangu. Mwana alikuwa ameinamia sahani yake.

"Na wewe, Kaka, hukujaribu bahati?" ndugu yangu akanitania.

"Sikujaribu," nikasema, na swali lile halikwenda mbele zaidi, nami nikalala na jambo hilo kifuani.

Siku ya Alhamisi alinipigia simu. Kijana amemweleza mwenyewe habari ya tiketi, na habari za tiketi nyingine kabla ya hiyo. Nilizungumza na kijana nikamwuliza kama aniruhusu kuyaandika haya gazetini. Alisema niandike, ila nisimtaje jina, na nisisahau kusema kwamba uvimbe wa mguu umepungua na jike lile limeanza kutembezwa.