Ua la masika huanza kutengenezwa mwaka jana

Masika yakishashika Pwani ya Kusini, kwenye vichaka vya mchanga kati ya Diani na Msambweni huchomoza bua jembamba lisilo na tawi, ambalo huweza kufika mita 1 au zaidi. Ni okidi ya ardhini, Eulophia speciosa. Maua hufunguka kuanzia chini kwenda juu, machache machache, hivyo bua moja huchanua kwa wiki kadhaa. Ukiinama utaona vijani vitatu vidogo vilivyojikunja kwa nyuma, petali mbili pana za manjano, na mdomo wenye mishipa myekundu inayoelekea kooni.

Mvua haikulitengeneza ua hilo, imeliamsha tu. Mchangani mmejificha viazi vilivyoungana kwa safu, vipya vikiota ubavuni mwa vya zamani, na hizo ndizo ghala za mmea. Unyevu ukiwepo, majani mazito hutengeneza chakula na kukishusha kwenye kiazi kipya. Kaskazi ikivuma na mchanga kukauka, Januari hadi Machi, mmea hutulia ukitumia akiba hiyo kidogo kidogo. Mvua za kwanza zikinyesha, bua hutoka ubavuni mwa kiazi kilichokomaa, mara nyingi majani mapya yakiwa bado hayajakunjuka vizuri. Kwa hiyo majani yaliyofyekwa mwaka huu ni maua yatakayokosekana mwakani.

Ua lenyewe halina asali. Nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa boriti, huvutwa na manjano yake, hujipenyeza mdomoni na kutoka na mabonge ya chavua yamewaganda. Wasipolitembelea ua la pili, kazi hiyo imepotea. Wakilitembelea, kifuko hutunga na baadaye hukauka na kupasuka, kikimwaga mbegu nyingi mno, laini kama vumbi. Mbegu hizo hazina chakula ndani yake. Ili iote, kila mbegu lazima ikutane na kuvu inayofaa ardhini ya kuilisha, na nyingi hazikutani nayo kamwe. Hii ndiyo sababu ploti iliyosafishwa kwa tingatinga hairudishi okidi zake kwa haraka.

Watu huzing'oa zikiwa zimechanua, kwa kuwa ndipo zinapoonekana. Ndio wakati mbaya kuliko yote: akiba inaisha na mizizi mipya ni laini. Isitoshe, okidi za porini zinalindwa. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na kuzichimba kwenye hifadhi kama Shimba Hills ni kosa.

Mwenye ploti na achomeke kijiti kando ya mmea ili anayefyeka aupite, mpaka vifuko vipasuke na majani yageuke manjano yenyewe. Na kama nyumba lazima isimame papo hapo, auhamishe wakati wa kiangazi, viazi kadhaa vikiwa bado vimeshikana na mchanga wake. Kiazi kimoja kilichotengwa chaweza kuchipua, lakini huenda kikapitisha misimu bila ua.