Programu ya Kuchorea Nyumba: Ipi Inalipa kwa Mchoraji wa Rau?

Mteja anayejenga Rau, hapa Moshi, mara nyingi haishi Rau. Yuko Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo, na anataka nyumba iwe imeezekwa kabla hajapanda basi la Desemba kurudi nyumbani. Mchoro atauona kwenye simu, kwa WhatsApp, na jibu lake litategemea picha ile imempendezaje. Ndiyo maana mchoraji wa nyumba za kuishi, hasa anayeanza, hukimbilia programu yenye picha kali kuliko zote. Mimi nashauri kinyume chake. Shilingi ya kwanza iende kwenye programu itakayompa fundi vipimo sahihi. Picha nzuri siku hizi unaweza kuipata bila kulipa kitu, lakini kosa la kwenye ramani hulipiwa kwa saruji na nondo, tena na mtu ambaye hakulichora yeye.

Bei nitakazotaja kwa dola ni za orodha ya Marekani, na hubadilika karibu kila mwaka. Nimezigeuza kwa kadirio la shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi. Siku ya kulipa tazama kiwango cha benki yako. Kumbuka pia VAT ya asilimia 18, ambayo tangu 2022 sheria yetu inaitoza hata kwa huduma za kidijitali zinazouzwa na kampuni za nje. Wengi huisahau, kisha hushangaa kadi imekatwa zaidi ya bei waliyoiona.

AutoCAD, ambayo Autodesk waliitoa mara ya kwanza 1982, bado ndiyo lugha ya mafaili ya wahandisi na wapima. Leseni kamili ni zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 5 kabla ya kodi. Revit, ya kampuni hiyohiyo, inakaribia dola 3,000. Zote ni za kukodi: tangu 2016 Autodesk hawauzi tena leseni mpya za kudumu za programu hizi, hivyo mwaka usipolipa, programu haifunguki. Ipo AutoCAD LT, inayochora michoro bapa tu bila umbo la 3D, kwa kiasi cha dola 500, yaani kama shilingi milioni 1.25. SketchUp Pro ni takriban dola 400 kwa mwaka, milioni moja hivi. Mdogo wake, SketchUp Go, unaotumika kwenye kivinjari na iPad, ni kiasi cha dola 130, kama shilingi 325,000.

Sasa gawanya kwa nyumba. Tuseme unachora nyumba kumi kwa mwaka, kazi nzuri kabisa kwa mtu mmoja. Ukijumlisha VAT, AutoCAD kamili itakula zaidi ya shilingi 590,000 katika kila nyumba. LT itakula karibu 148,000, na SketchUp Pro kama 118,000. Ukipata nyumba nne tu mwaka huo, hesabu inazidi mara mbili na nusu. Mitandaoni kuna ramani za vyumba vitatu zinazouzwa kwa bei isiyofikia hata sehemu hiyo ya leseni, na mteja wako ameziona. Kwa mchoraji anayefanya kazi peke yake, AutoCAD kamili na Revit naziweka kando bila kusita.

Upande wa bure, ninayoipa nafasi ya kwanza ni Sweet Home 3D, programu huria iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2006 na Emmanuel Puybaret. Inafanya kazi Windows, Mac na Linux, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Hilo ni jambo kubwa. Programu za kwenye kivinjari, kama Planner 5D, Floorplanner na SketchUp Free, zinakula bando kila unapofungua kazi, na mtandao ukiyumba mbele ya mteja, kikao kimekwisha. SketchUp Free ina kikwazo kingine: masharti yake ni matumizi binafsi. Ukimtoza mtu kwa mchoro ulioufanya humo, umevunja mkataba. Hata AutoCAD inayokaa ndani ya laptopu lazima ionane na mtandao angalau mara moja kila siku 30 ili kuthibitisha leseni.

Sweet Home 3D unachora ukuta katika nusu ya juu ya skrini na nyumba inasimama hapohapo katika nusu ya chini. Mteja anahamisha jiko kutoka kona hii hadi ile na kuona mwenyewe kama friji itaingia. Kwa mazungumzo ya awali sijaona inayoishinda kwa bei yoyote. Lakini inakuja na vipimo vyake, na hapa ndipo wengi huumia.

Ukuta mpya humo huanza na unene wa sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 250. Huku kwetu ukuta wa tofali za block za inchi 6 ni sentimita 15, na ukipigwa plasta pande zote mbili unafika kama 18. Programu inachora ukuta kwa mstari wa katikati. Korido uliyoipimia sentimita 120 kutoka katikati hadi katikati itaonekana ina nafasi ya 112.5, lakini ikijengwa itabaki 102. Choo cha sentimita 150 kitabaki 132, na hapo mlango utaanza kugombana na sinki. Kabla ya kuchora mstari wa kwanza, ingia kwenye mapendeleo, weka unene wa 18 na urefu wa 300, au kimo chochote mlichokubaliana hadi usawa wa dari. Programu nyingi za Kimarekani za nyumba, Home Designer ya Chief Architect ikiwemo, zina tatizo la aina hiyo: zimezoea kuta za fremu za mbao, nyembamba, na hujaza maktaba yao vitu ambavyo hakuna duka la Moshi linaloviuza.

Kosa la pili ni la jua. Moshi iko kama nyuzi 3 na theluthi kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua liko kaskazini, upande wa Mlima Kilimanjaro, kwenye nyuzi 63 hivi juu ya upeo wa macho. Desemba linahamia kusini, kwenye nyuzi 70. SketchUp, usipoielekeza, kwa mazoea yake ya muda mrefu huchukulia kwamba nyumba iko Boulder, Colorado, nyuzi 40 kaskazini ya ikweta, ambako jua la mchana halifiki kaskazini kamwe. Utamwonyesha mteja dirisha la sebule linalotazama Kibo likiwa kivulini mchana wa kila mwezi, na haitakuwa kweli. Katika SketchUp weka mahali pa kiwanja kabla ya kuwasha vivuli. Katika Sweet Home 3D bonyeza dira mara mbili, andika latitudo 3.3 kusini na longitudo 37.3 mashariki, kisha zungusha kaskazini ilingane na kiwanja.

Ukishafanya hivyo, programu ya bure inakupa ushauri ambao mteja atautumia kwa miaka mingi. Paa likitoka sentimita 60 nje ya ukuta, mchana wa Juni kivuli kinashuka kama sentimita 120 kwenye ukuta wa kaskazini. Jua kidogo likiingia chini ya hapo si hasara, kwa sababu Juni na Julai ni miezi ya baridi kwetu. Adui ni magharibi. Jua la saa kumi jioni linaingia chini ya paa, na ukingo wa upana wa kawaida hautalizuia. Huko weka stoo, choo, au baraza yenye mti. Muonyeshe mteja saa kumi ya mwezi Februari kwenye skrini. Hakuna maelezo ya mdomo yatakayomshawishi haraka kuliko hiyo picha.

Udhaifu mkubwa wa Sweet Home 3D ni paa. Haina zana yake ya maana ya kujenga paa. Utaleta umbo tayari kama unavyoleta kiti, na kulilazimisha. Kwa mahali panapopata masika kama yetu, mchoro wa paa ndio unaomwambia fundi wa kenchi maji yanakwenda wapi na mfereji wa kati ya mapaa mawili unaishia wapi. Usikubali kuuacha kwa fundi abuni juu ya dari. Hapo ndipo unapohitaji programu ya pili.

Kwa kiwanja tambarare, kama vingi vya Rau kuelekea mashamba ya mpunga, programu hiyo ya pili ni QCAD Professional. Inauzwa kwa kiasi cha yuro 40 na ushee, unalipa mara moja, na inasoma na kuandika mafaili ya DWG ambayo mhandisi atakuomba. Hata ukiongeza kodi haifiki shilingi 150,000. LibreCAD ni ya bure kabisa na inatosha kujifunzia, ila inahifadhi kwa DXF tu. Itabidi ugeuze kuwa DWG kwa ODA File Converter, nayo ya bure. Gharama ya njia hii ni muda. Kile ulichokubaliana na mteja katika Sweet Home 3D utakichora tena kwa vipimo kamili: ramani ya chini, msingi, paa, mkato na sura zote nne za jengo. Binafsi naona kuchora mara mbili kuna faida yake, kwa maana mara ya pili ndipo makosa ya mara ya kwanza yanapoonekana.

Mambo hubadilika ukipanda kuelekea Uru, Kibosho au Old Moshi. Kiwanja kina mteremko, na Sweet Home 3D inaamini kila ardhi ni bapa. Huko SketchUp Pro inalipa shilingi yake. Unajenga mteremko kwa vipimo vya mpimaji, unaona msingi utapanda kiasi gani upande wa bondeni, na unaweza kumwambia mteja mapema kwamba nusu ya fedha anayodhani ni ya kuta itazikwa kwenye mawe ya msingi, au umshauri agawe nyumba katika ngazi mbili za sakafu. Kama nusu ya kazi zako ziko mlimani, nunua Pro usiangalie nyuma.

Kuhusu picha ya kumtumia mteja: Twinmotion, ya Epic Games, ni bure kwa yeyote mwenye mapato chini ya dola milioni moja kwa mwaka. Inachotaka ni kompyuta yenye kadi ya michoro yenye nguvu, na hiyo ndiyo gharama yake halisi. Usinunue laptopu mpya kwa ajili ya picha za wateja wawili. Picha za Sweet Home 3D, ukiwasha mwanga wa hali ya juu na kuiacha kompyuta ifanye kazi usiku, zinatosha kwa skrini ya simu.

Wapo wanaochagua kraki iliyopitishwa kwa flashi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na flashi zile hubeba virusi vinavyoweza kufuta michoro ya mwaka mzima. Mwanafunzi wa usanifu ana njia halali: Autodesk huwapa wanafunzi wanaostahili leseni ya mwaka bila malipo, ya kujifunzia, si ya kuuzia.

Hakuna programu inayokupa muhuri. Michoro ya kuombea kibali cha ujenzi Manispaa ya Moshi ipitie kwa msanifu aliyesajiliwa na AQRB, bodi ya usajili wa wasanifu na wakadiriaji majenzi, chini ya sheria ya 2010, na ada yake iingie kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Muulize msanifu huyo anataka faili la aina gani kabla hujanunua chochote. Akisema DWG, QCAD au SketchUp Pro vitakufaa, na akisema PDF yenye vipimo, umebaki na fedha zako. Wala programu haijui maji ya ardhini. Msitu wa Rau unasimama kwa sababu maji yako karibu na uso wa ardhi, na viwanja vya jirani vinagawana maji hayohayo. Chimba shimo la majaribio kabla ya kuchora mahali pa karo la maji taka, pima maji yanapoanzia, kisha rudi kwenye kompyuta na uandike kipimo hicho kwenye ramani ya kiwanja.