Mataifa makubwa yakizungumzia amani ya Kongo, sikiliza maneno gani?

Kila tangazo la amani linapotoka redioni, wengi wetu huulizana: je, tufunge mizigo? Kabla hujaamua, pima maneno yaliyotumika.

Nani huyachagua?

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wanachama 15. Watano, yaani Marekani, China, Urusi, Uingereza na Ufaransa, wana kura ya turufu: mmoja wao akikataa, azimio linaanguka. Kwa hiyo kila neno huvutaniwa mpaka likubalike.

Mfano wa mwaka 2025

Mwezi wa Januari, M23 ikiwa mlangoni mwa Goma, Baraza lililaani kuwepo kwa majeshi ya nje bila kutaja nchi. Tarehe 21 Februari, Bukavu nayo ikiwa imetekwa, azimio namba 2773 lililitaja jeshi la Rwanda na kulitaka liondoke Kongo mara moja bila masharti. Wote 15 walikubali, lakini azimio lenyewe halikuweka vikwazo vipya.

Rwanda imekuwa ikikanusha kuisaidia M23, ikisema inajilinda dhidi ya FDLR. Tarehe 27 Juni, Kongo na Rwanda zilitia saini mkataba mjini Washington. Humo, Rwanda inatakiwa kuondoa "hatua za kujilinda", na Kongo kuimaliza FDLR. "Jeshi liondoke" na "hatua za kujilinda" si maneno sawa: la pili kila upande unaweza kulielewa kwa namna yake. Tena M23 haikutia saini. Mazungumzo yake na serikali yalikuwa Doha.

Jiulize haya

- Nani ametajwa kwa jina?
- Tarehe ya mwisho ni ipi?
- Asipotii, atafanywa nini?
- Nani atatoa fedha?

Swali la mwisho tunalijua vizuri. Mataifa husifu Uganda kwa kupokea wakimbizi, lakini fedha za wafadhili zilipopungua, Mei 2025 WFP ilisimamisha chakula kwa wakimbizi milioni 1 nchini humo. Sifa hazijazi sufuria.

Kurudi nyumbani ni hiari yako. Usiuze kiwanja wala vyombo kwa sababu ya tangazo peke yake. Uliza kwanza waliobaki kijijini kwako: nani analinda barabara leo, na shamba lako liko mikononi mwa nani?