Mtoto Mwenye Maji Kichwani



Asubuhi moja mama alifika kwetu na mtoto wa miezi 5, amemfunika kichwa chote kwa kitenge. Jua lilikuwa halijatoka bado. Alimficha na macho ya watu. Kichwa cha mtoto kilikuwa kikubwa sana. Nyumbani walikuwa wamemwambia kwamba amelogwa, na mfumu alikuwa amekwisha kumchanja mtoto utosini. Tulipomwuliza kichwa kilianza kukua lini, alijibu, "Tangu mwezi wa pili." Basi miezi 3 ilikuwa imepotea. Ninaandika maneno haya ili mama mwingine asipoteze hata juma moja.

Ugonjwa huu ni nini?

Ndani ya ubongo wa kila mtu Mungu ameweka vyumba vidogo vinne. Humo hutengenezwa maji safi, kwa mtu mzima kama nusu lita kila siku. Maji hayo hupita katika njia nyembamba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha huingia katika damu. Mfereji ukizibwa na matope, shamba hufurika. Vivyo hivyo njia ya maji ya ubongo ikizibwa, vyumba hujaa. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana bado, kwa hiyo kichwa hupanuka, na ubongo hubanwa.

Unatoka wapi?

Watoto wengine huzaliwa nao. Wengine wana kidonda cha mgongo wazi, na maji hujaa baadaye. Lakini katika nchi zetu wengi huupata baada ya kuzaliwa. Huko Mbale, Uganda, waganga walipochunguza watoto karibu 300, waliona kwamba zaidi ya nusu yao waliugua kwa sababu ya wadudu wa ugonjwa walioingia katika ubongo, na wengi katika mwezi wa kwanza wa maisha. Mtoto hupata homa kali na degedege, anapona, na baada ya majuma machache kichwa kinaanza kukua. Hapa hakuna mchawi. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, yeye hakumhesabia hatia huyo mtu wala wazazi wake. Sisi tu nani hata tumhukumu mama?

Dalili zake

1. Kichwa kinakua upesi kuliko mwili. Mtoto aliyetimia, akizaliwa, kichwa chake hupimwa kama santimeta 35. Katika miezi 3 ya kwanza huongezeka kama santimeta 2 kila mwezi. Kikipita hapo sana, kuna shida.
2. Utosi umevimba na kukaza, hata mtoto akiwa ameketishwa na ametulia.
3. Mishipa ya kichwa inaonekana wazi.
4. Macho yanatazama chini, kama jua linalotua.
5. Anatapika, analia sana, anakataa ziwa, au analala kupita kiasi.

Je, kuna matibabu?

Yako. Tangu miaka ya 1950 waganga wamekuwa wakitia mpira mdogo chini ya ngozi, kutoka kichwani mpaka tumboni, ili maji yashuke. Mpira huo umeokoa watoto wengi, na hata leo unatumika. Lakini mara nyingi huziba, au huingiwa na wadudu. Ukiziba, mtoto anaweza kufa upesi. Kwa mama anayekaa Lulimba, mwenye safari ndefu ya barabara mbaya, hiyo ni hatari kubwa.

Mwaka 2001 hospitali ya Kikristo ya watoto, iitwayo CURE, ilifunguliwa Mbale. Munganga Benjamin Warf, Mmarekani, aliiona hatari hiyo. Yeye alitumia kifaa chembamba chenye taa, ambacho mtu huona kwacho ndani ya ubongo. Kinaingizwa kwa tundu dogo, bila kupasua kichwa chote. Kwa kifaa hicho munganga hutoboa njia mpya ya maji katika chumba cha tatu, kisha huchoma kidogo sehemu inayotengeneza maji, ili yapungue. Hakuna mpira unaobaki ndani.

Mwaka 2005 aliandika habari za watoto 550. Kwa wale wasiotimiza mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaa 47 katika kila 100. Kutoboa pamoja na kuchoma kulifaa 66. Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya watoto wachanga 100 wa Uganda: nusu walitiwa mpira, nusu walitibiwa kwa kifaa. Baada ya mwaka, akili zao hazikupitana kwa dhahiri. Basi njia zote mbili zinasaidia. Munganga ndiye atakayechagua.

Lakini nisifiche kweli. Upasuaji huondoa maji. Haurudishi ubongo uliokwisha kuharibika. Kwa sababu hii kuwahi ni jambo kubwa.

Mashauri

Zaa hospitalini au kwa mkunga aliyefundishwa. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, wala kisipakwe mavi ya ng'ombe wala majivu. Mtoto mchanga akipata homa, mlete siku ile ile. Mwanamke anayetaka kuzaa aombe vidonge vya foliki kabla ya mimba, maana vinapunguza hatari ya mgongo wazi. Usikubali utosi uchanjwe wala kichwa kifungwe.

Ukiona dalili, njoo kwanza kwetu. Tutapima kichwa kwa utepe, nasi tutakupa barua ya kwenda mbele. Na ninyi wazee wa kanisa, mama kama huyu akipita barabarani, msimnong'one. Mchangieni nauli, kisha mwombeeni.