Usawiri wa Mama wa Tabaka la Chini katika Filamu ya Uhalisia wa Kijamii: Mazingatio kutoka Karatu na Ngorongoro

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna filamu ya uhalisia wa kijamii inavyomsawiri mama wa tabaka la chini, kisha yanaitumia dhana hiyo kuyatazama maisha ya akina mama wa Karatu na Ngorongoro. Hoja ya msingi ni kwamba utanzu huu huuonesha umaskini kuwa matokeo ya mpangilio wa jamii, wala si upungufu wa mama. Nyenzo tatu zinazoudhihirisha mpangilio huo ni kazi, sheria na lugha.

Utangulizi

Ngorongoro si ngeni katika sinema. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Kijerumani ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Serengeti darf nicht sterben, ambayo baadaye ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari mwaka huo na kuzikwa ukingoni mwa kreta. Mwaka 1962 ikafuata Hatari!, ya mwongozaji Howard Hawks, iliyopigwa picha kaskazini mwa Tanganyika. Katika kazi zote mbili wahusika wakuu ni wanyama na wageni. Mwanamke mwenyeji, akionekana, huwa sehemu ya mandhari.

Dhana ya uhalisia wa kijamii

Filamu ya uhalisia wa kijamii huwafuata watu wa kawaida katika kazi zao, katika mazingira yao halisi na kwa lugha wanayoizungumza. Mfano unaotajwa sana ni Cathy Come Home, ya mwongozaji Ken Loach, iliyooneshwa na BBC Novemba 1966 na kutazamwa na watu takribani milioni 12. Mume wa Cathy anaumia kazini, kipato kinapungua, familia inahama kutoka makazi duni hadi duni zaidi, na mwishoni Cathy ananyang'anywa watoto wake katika kituo cha treni. Hakuna mhusika mmoja anayeweza kuitwa adui. Kila ofisi inatekeleza kanuni yake, lakini jumla ya kanuni hizo ni mama aliyeachwa bila watoto. Huo ndio msingi wa utanzu huu: swali la "mama huyu alikosea wapi?" linageuka kuwa "ni utaratibu gani uliomfikisha hapa?"

Afrika Mashariki, filamu ya Kenya Supa Modo (2018), iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inakaribia mkondo huo ijapokuwa imechanganya ndoto za kitoto. Kathryn ni mkunga: anazalisha watoto wa wenzake huku bintiye Jo akiwa na ugonjwa usio na tiba. Kazi yake si pambo la hadithi, bali ndiyo inayoupa uchungu wake sura. Aidha, wahusika wanachanganya Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza kama wafanyavyo watu katika maisha ya kila siku.

Kazi, sheria na lugha

Dhana hii ikipelekwa Karatu, jambo la kwanza la kuzingatia ni kazi. Huko Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, vitunguu hulimwa kwa umwagiliaji, na vibarua hupanda, hupalilia na kuvuna. Mjini Karatu magari ya watalii hupita kuelekea kreta, huku akina mama wakiuza mboga gengeni au kupika chakula cha mama lishe. Filamu ya uhalisia ingehesabu siku ya mama wa namna hiyo: ujira, bei ya unga, na marejesho ya mkopo wa kausha damu. Hesabu hiyo isipofunga, mtazamaji ameshauona mgogoro kabla ya neno lolote kusemwa.

La pili ni sheria. Ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959, kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kisha kikazuiwa tena mwaka 2009. Kwa desturi ya Kimaasai, mama ndiye anayejenga nyumba, anayekama na kugawa maziwa. Asipoweza kulima, mahindi hununuliwa, mara nyingi kwa fedha za mifugo ambayo uamuzi wa kuiuza uko mikononi mwa wanaume. Hivyo kifungu cha sheria kinaingia moja kwa moja ndani ya chungu cha mama. Tangu mwaka 2022 kaya kadhaa zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao Serikali inauita wa hiari na ambao baadhi ya wakazi wanaupinga.

La tatu ni lugha. Eneo hili linakutanisha Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi. Kimaasai na Kidatoga, ambazo ni za Kinailoti. Kihadza, kisicho na undugu uliothibitishwa na lugha nyingine. Na Kiswahili, ambacho ni cha Kibantu. Mama anaweza kumbembeleza mtoto kwa Kiiraqw, kisha akajieleza kwa muuguzi kwa Kiswahili. Mwandishi wa mswada akiwapa wahusika wote Kiswahili sanifu, anapoteza ukimya wa mama aliyeulizwa swali asilokuwa na maneno ya kulijibu. Hata hivyo, Kiswahili hakipaswi kusawiriwa kuwa lugha ya ofisi tu, kwani ndicho pia kinachowawezesha wanawake wa makabila tofauti kupatana bei na kukopeshana mnadani.

Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa uhalisia wa kijamii haupimwi kwa wingi wa machozi, bali kwa uwezo wa kuifanya mipangilio isiyoonekana ionekane. Kwa Karatu na Ngorongoro, hilo lina uzito wa pekee. Picha zinazolitangaza eneo hili duniani huchangia kuamua ni nani anahesabiwa kuwa mwenyeji wake, na anayebaki nje ya picha ni rahisi kusahauliwa pale maamuzi yanapofanywa. Waandishi wa miswada wana mahali pa kuanzia: hesabu ya siku moja ya mama, katika lugha zote anazozitumia kuikamilisha.